Kuunganisha mifumo tofauti ya rimoti kwenye meza moja ya reli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Meza yetu ya reli za treni ndogo hapa Nairobi ilijengwa vipande vipande. Mmoja alikuja na sanduku la rimoti ya kampuni ya Digitrax alilotumiwa na dada yake aliye Marekani. Mwingine alinunua mfumo wa kampuni ya Lenz kwa Mjerumani aliyekuwa akihama. Wa tatu akaleta treni za Hornby za marehemu baba yake, pamoja na transfoma yake ya analogi. Wote walitaka kuendesha Jumamosi hiyohiyo, juu ya reli hizohizo.

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo tuliyoulizana, na ndiyo anayotuuliza kila mgeni anayebisha hodi na kasha lake kwapani. Nimeyapa namba ili nisirudie maelezo. Ukiambiwa utazame namba fulani, ianzie hiyo kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Rimoti ya treni ndogo inafanyaje kazi?

Kwenye analogi, transfoma hupeleka umeme wa DC kwenye reli, kuanzia volti 0 hadi kama 12. Ukiongeza volti, injini inakimbia. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Kukiwa na injini mbili juu ya reli moja, zote mbili zinatii mkono uleule.

Kwenye dijitali ya aina ya DCC (Digital Command Control, yaani kuendesha kwa amri za kidijitali), reli ina volti zilezile muda wote, takriban 14 hadi 16 kwa treni za kipimo cha HO (1:87), iwe treni imesimama au inakwenda. Umeme huo hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na namna unavyogeuka ndiyo ujumbe wenyewe: mgeuko mfupi wa mikrosekunde 58 husomwa kama moja, mrefu wa mikrosekunde 100 au zaidi husomwa kama sifuri. Ndani ya kila injini mna dikoda, kibao kidogo cha elektroniki chenye anwani yake. Dikoda husikia kila kitu kinachosemwa relini, lakini hutii lile lililotajiwa anwani yake tu.

Kwa hiyo kuna hatua nne: rimoti iliyo mkononi, mashine ya amri inayotunga ujumbe, busta inayoutia nguvu, na dikoda inayoupokea. Mara nyingi mashine ya amri na busta hukaa ndani ya kasha moja, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Mtu akiniuliza kama kitu fulani kinaunganishika na kingine, mimi humwuliza kwanza: katika hatua ipi kati ya hizo nne?

2. Mbona injini ya kampuni yoyote inakubali DCC yoyote, lakini rimoti hazikubaliani?

Kwa sababu kilichosanifishwa ni mazungumzo kati ya reli na dikoda. Kampuni ya Lenz ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuutengeneza mfumo huo, na chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kikauchukua na kuufanya kanuni ya wote katika miaka ya 1990. Ndiyo maana injini iliyonunuliwa Uingereza hukimbia bila shida kwenye mashine ya Kijerumani iliyo South B.

Waya unaotoka kwenye rimoti kwenda kwenye mashine ya amri hakuna aliyeulazimishia kanuni moja. Digitrax wana LocoNet, Lenz wana XpressNet, ESU wana ECoSlink, NCE wana yao. Kila mmoja anaongea lugha yake.

3. Plagi zinafanana kabisa. Nikijaribu kuchomeka kutatokea nini?

Tafadhali usijaribu. LocoNet na NCE hutumia plagi ileile ndogo ya miguu sita inayofanana na ya simu ya mezani, na baadhi ya vifaa vya XpressNet pia. Ndani ya plagi hiyo miguu ina kazi tofauti. Kwenye LocoNet, mguu wa kwanza na wa sita hubeba nakala ya mawimbi ya reli. Kwenye XpressNet kuna waya wa volti 12 wa kulisha rimoti. Ukiingiza mmoja ndani ya mwingine, unaweza kupeleka umeme mahali palipongoja ujumbe tu, na rimoti ikafa bila hata kutoa moshi.

Sisi tumebandika utepe wa rangi kwenye kila waya: buluu kwa LocoNet, njano kwa XpressNet. Soketi nazo zina rangi hizohizo. Tangu tufanye hivyo hatujapoteza rimoti hata moja.

4. Naweza kuunganisha mashine mbili za amri kwenye reli moja?

Hapana. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halina "lakini".

Kila mashine hugeuza umeme wake kwa wakati wake. Wakati ya kwanza inaweka chanya kwenye reli ya kushoto, ya pili inaweka hasi papo hapo. Hiyo ni shoti, tena inayojirudia maelfu ya mara kwa sekunde. Transista za kutolea umeme huungua, na hata zikinusurika, dikoda zitasikia kelele tupu. Ni sawa na matatu moja yenye madereva wawili, kila mmoja ameshika usukani wake.

Reli moja, mashine ya amri moja. Mengine yote kwenye ukurasa huu yanajengwa juu ya hilo: tunachounganisha ni mikono mingi kwa ubongo mmoja.

5. Mbona basi naona meza kubwa zina busta nne au tano?

Busta haitungi ujumbe. Inapokea ule wa mashine moja ya amri na kuutia nguvu, kwa hiyo busta zote husema neno lilelile kwa wakati uleule. Kila busta hulisha sehemu yake ya meza, na kati ya sehemu na sehemu reli zote mbili hukatwa mwanya.

Hakikisha busta hazipishani katika kugeuza umeme. Baada ya kuunganisha waya wa pamoja kama kitabu cha busta kinavyoelekeza, weka mita kwenye volti za AC, kisha gusa reli ya kushoto upande huu wa mwanya na reli hiyohiyo ya kushoto upande wa pili. Mita ikisoma karibu na sifuri, mambo ni sawa. Ikisoma volti nyingi, geuza waya mbili za busta moja.

## Analogi na dijitali pamoja

6. Treni za mzee ni za analogi na sitaki kuzifungua. Nifanyeje zikimbie kwenye meza yenye DCC?

Meza nzima iwe na zamu. Nenda Luthuli Avenue uombe swichi ya miguu sita yenye nafasi ya kuzima katikati. Maduka mengi ya vifaa vya elektroniki wanayo. Miguu miwili ya kati iende kwenye reli, miwili ya upande mmoja iende kwenye transfoma ya analogi, miwili ya upande wa pili iende kwenye DCC. Kwa njia hiyo haiwezekani mifumo miwili ikagusana, hata mtoto akichezea swichi.

Usiache injini ya analogi juu ya reli yenye DCC. Itavuma kama nyuki, na moto wake unatoka kwenye mota inayotikiswa mbele na nyuma bila kwenda popote. Mota ndogo zisizo na chuma ndani huungua upesi sana. Treni za marehemu baba ya mwenzetu huwa tunaziinua kwa mikono miwili na kuziweka rafuni kabla swichi haijaguswa, na hakuna anayeona ni kazi.

Na injini yenye dikoda ikiwa juu ya reli ya analogi? Nyingi hukimbia, kwa sababu dikoda imeruhusiwa kufanya hivyo. Ruhusa hiyo ni thamani ya 4 ndani ya CV29. CV ni mpangilio wenye namba unaohifadhiwa ndani ya dikoda. Mimi huiondoa kwenye kila injini yangu, na sababu utaiona kwenye jibu linalofuata.

7. Naweza kuigawa meza, nusu analogi, nusu dijitali, na treni ipite kutoka huku kwenda kule?

Inawezekana, ila inataka nidhamu. Hatari iko mwanyani. Magurudumu ya injini moja hukusanya umeme mahali kadhaa, kwa hiyo inapovuka, injini yenyewe inakuwa waya unaounganisha transfoma na mashine ya amri. Sekunde moja yatosha kuharibu.

Dawa yake ni kipande cha kati kilichokatwa pande zote mbili, kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote, ukihesabu na mabehewa yenye taa, maana nayo hukusanya umeme. Kipande hicho kilishwe kupitia swichi ya miguu sita ya namba 6. Treni inaingia yote, inasimama, unageuza swichi, inaendelea.

Hapa ndipo ruhusa ya analogi kwenye CV29 inapoleta balaa. Injini yenye dikoda ikikutana na DC huielewa kama amri ya kukimbia na hufyatuka kwa kasi yote. Ukiiondoa ruhusa, injini itasimama kimya ingoje.

8. Mashine yangu ina anwani 0 ya kuendesha injini isiyo na dikoda. Niitumie?

Kwa dakika moja ya majaribio, labda. Mashine hurefusha sifuri za ujumbe upande mmoja ili mota ipate msukumo, lakini mtikisiko niliousema kwenye namba 6 uko palepale na mota inapata joto. Kwa injini unayoipenda, swichi ni bora.

## Chapa tofauti za dijitali

9. Mimi nina Digitrax, jirani ana Lenz, mwingine ana Roco. Tunataka kila mtu ashike rimoti yake. Tuanzie wapi?

Kaeni chini mchague mashine moja ya amri. Mjadala huu huwa mgumu kuliko kazi ya waya, kwa kuwa kila mtu anapenda alichozoea, lakini haukwepeki. Kigezo changu ni kimoja: ipi ina milango mingi? Z21 nyeusi ya Roco, kwa mfano, ina mlango wa LocoNet, ina X-Bus ambayo ni ndugu wa XpressNet, na inaingia kwenye ruta. Rimoti za wenzenu watatu zinaweza kupata pa kuchomeka bila kununua mashine nyingine.

Mashine zilizobaki msizitupe. Nyingine zina mpangilio wa kuzifanya ziwe busta tu: zinaacha kutunga ujumbe na kuanza kuupokea. Soma kitabu chake kabla hujafanya chochote, halafu rudi namba 5.

Mashine iliyochaguliwa ikiwa na mlango mmoja tu, njia ni kompyuta.

10. Kompyuta inaunganishaje?

Kuna programu ya bure iitwayo JMRI, iliyoandikwa kwa Java, inayokwenda kwenye Windows, Mac, Linux na hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Inajua lugha za karibu mifumo yote inayopatikana, na inaweza kushika miunganisho miwili au zaidi kwa wakati mmoja. Kwetu, laptopu kuukuu iliyovunjika bawaba ndiyo mkalimani. Upande mmoja inaongea na mashine ya amri ya treni, upande wa pili inaongea na mfumo wa zamani wa Digitrax unaogeuza njia panda tu. Huo wa pili haugusi reli kabisa, kwa hiyo sharti la namba 4 halijavunjwa.

JMRI pia hufungua mlango wa simu. Kwenye Android mtu anaweka Engine Driver, kwenye iPhone anaweka WiThrottle, anajiunga na waifai ya nyumba, na simu yake inakuwa rimoti. Mlango huo kwa kawaida ni namba 12090, ikiwa ngome ya laptopu (firewall) itakuuliza uruhusu nini.

11. Simu kama rimoti inakula bando?

Hapana. Mazungumzo yote yako kati ya simu, ruta na laptopu humo humo chumbani. Ruta isiyo na intaneti kabisa inatosha. Ya kwetu haijalipiwa chochote. Ila simu nyingine zikiona waifai haina intaneti huhama zenyewe na kurudi kwenye data, na treni inabaki bila dereva. Zima data kabla ya kuanza.

Kwenye maghorofa, waifai za majirani husongamana. Kama ruta yako ina bendi ya gigahezi 5, itumie.

12. Sina hela ya mashine ya amri. Kuna njia ya bei nafuu?

Ipo, na naipenda kwa dhati kwa sababu imewaingiza vijana waliokuwa wakitazama tu. Mradi wa DCC-EX unageuza Arduino Mega, kibao kidogo cha elektroniki kinachoprogramiwa, pamoja na kibao cha kuendeshea mota kuwa mashine kamili ya amri. Vibao hivyo viwili vinapatikana mjini. Programu yenyewe ni ya bure, inaongea na JMRI, na ukiongeza kibao cha waifai inaongea na simu moja kwa moja.

Angalizo mbili. Kibao cha kawaida cha mota cha Arduino hubeba ampea 2 kwa kila tundu, kiasi cha kutosha injini mbili tatu za HO. Tena kina njia inayopeleka umeme wa reli hadi kwenye Arduino. Kwa volti zinazozidi 12 njia hiyo lazima ikatwe, la sivyo kibao kinakufa. Maelezo ya mradi yanaonyesha mahali pa kukata.

13. Naweza kuweka mashine mbili za amri kwenye LocoNet moja, au XpressNet moja?

Kila njia ina mwenyeji mmoja. Kwenye LocoNet mashine ya amri ndiyo inayotunza daftari la injini gani imeshikwa na nani. Zikiwa mbili, madaftari hayataafikiana. Kwenye XpressNet mashine ya amri ndiyo inayoita vifaa kimoja kimoja, vikiwa na anwani 1 hadi 31, na wawili hawawezi kuita kwa pamoja. Ya pili igeuzwe busta, au iondoke.

14. Treni za Märklin je?

Märklin za HO zina njia ya tatu ya umeme katikati ya reli, na magurudumu ya pande mbili yameungana. Ukiyaweka juu ya reli mbili za kawaida ni shoti papo hapo. Lugha zao pia zilikuwa zao: ya Motorola tangu miaka ya 1980, kisha mfx iliyokuja 2004.

Hata hivyo zipo mashine zinazojua lugha nyingi, kama ECoS ya ESU au Intellibox ya Uhlenbrock, zinazotuma ujumbe wa Motorola na wa DCC kwa kupokezana kwenye reli zilezile. Kwa hiyo ubongo unaweza kuwa mmoja. Reli ndizo zitakuwa mbili, zisizokutana.

15. Na treni za betri zenye rimoti ya redio?

Hizo ndizo wageni wapole kuliko wote. Hazihitaji umeme wa reli, zinakwenda kwenye meza yoyote, yenye mfumo wowote. Hakikisha tu kuwa waya za kukusanya umeme magurudumuni zimekatwa, usije ukavuka mwanya wa namba 7 nazo.

## Umeme, mawimbi na vumbi la Nairobi

16. Nimeletewa mashine kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Geuza adapta usome maandishi yake. Ikiandikwa 100–240V, chomeka. Ikiandikwa 120V peke yake, usithubutu: stima yetu ni volti 240. Kile kiplagi cha kubadilisha miguu kinabadilisha miguu tu, volti hazibadiliki.

Nasema haya kwa uchungu. Mgeni wetu mmoja alichomeka adapta ya aina hiyo nikiwa ninapika chai, nikasikia mlio mmoja na harufu ikajaa sebule. Kifaa alichokiwekea akiba miezi minane kilikwisha kabla chai haijachemka. Tangu siku hiyo hakuna kasha linalofunguliwa nyumbani kwangu bila adapta kusomwa kwa sauti. Mara nyingi dawa ni rahisi: nunua hapa hapa adapta ya 240V inayotoa volti, ampea na aina ileile ya umeme, AC au DC, inayodaiwa na mashine.

17. Stima ikipotea katikati ya shughuli?

Zima swichi ukutani mara moja. Stima hurudi kwa mruko, na mashine nyingine zikiamka hupeleka umeme relini kabla hujajiandaa. Laptopu itakuwa bado hai kwa betri yake na itadhani treni zinaendelea, kwa hiyo ifungue upya JMRI baada ya mashine ya amri kuwaka. UPS ndogo ya kompyuta inatosha kwa mashine ya amri na ruta.

18. Rimoti za redio za Kimarekani zinafaa hapa?

Nyingi za zamani hutumia masafa ya megahezi 900 na kitu, ambayo Marekani yako huru kwa vifaa vidogo. Kwetu sehemu ya masafa hayo ni ya simu za mkononi, na vifaa vya redio viko chini ya idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Tumia rimoti hiyo kwa waya, au chagua ya gigahezi 2.4, au simu kama ilivyo namba 10.

19. Treni inakatakata, ni mifumo inagombana?

Mara tisa kwa kumi ni vumbi. Futa reli na magurudumu kwa spiriti ya kusafishia na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha ujaribu tena kabla hujafungua chochote.

Ikiendelea, fanya jaribio la sarafu. Laza sarafu ya shilingi kumi juu ya reli mbili mahali palipo mbali kabisa na busta. Busta ikate umeme papo hapo. Isipokata, waya zako ni nyembamba au ni chache: umeme unapungukiwa njiani, na siku ya shoti ya kweli reli itayeyusha plastiki ya mataruma. Ongeza waya nene chini ya meza, na kila mita moja au mbili teremsha waya mdogo kutoka relini.

## Mambo ya pembeni yanayosumbua

20. Tulipowasha, injini tano ziliondoka pamoja. Kwa nini?

Karibu kila dikoda mpya hutoka kiwandani na anwani 3. Gaweni anwani kabla ya kukutana, na msitumie namba za katikati. Lenz huhesabu 1 hadi 99 kuwa anwani fupi na kuanzia 100 kuwa ndefu. Digitrax huhesabu fupi hadi 127. Injini iliyopewa 115 kama anwani fupi kwenye Digitrax haitaitika ikiitwa na Lenz, na mtahangaika jioni nzima mkidhani imeharibika. Chukueni tarakimu nne, kati ya 1000 na 9900, na mifumo yote itaelewana.

21. Taa za injini zinawaka na kuzima kila nikiongeza kasi.

Dikoda imewekwa ngazi 14 za kasi na mashine inatuma 28. Ongeza thamani ya 2 kwenye CV29, shida imekwisha.

22. Nataka kujenga reli ya kale ya mita moja na SGR kwenye meza moja. Mfumo mmoja utatosha?

Utatosha, na ni meza ninayotamani kuiona. Reli ya kale ina upana wa milimita 1,000. Kwa kipimo cha 1:87 inakuwa njia ya milimita 12. SGR ina milimita 1,435, nayo inakuwa 16.5, yaani HO ya kawaida. Treni hazitavuka kutoka moja hadi nyingine, kama zisivyovuka zile za kweli, lakini busta mbili chini ya mashine moja ya amri zitaziendesha zote.

Ukijenga injini ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59, kama ile Mount Gelai iliyoko kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, kumbuka ina mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ukiweka mota kwenye kila mtambo, zipe dikoda mbili anwani moja, au ziunganishe kwa CV19. Kwanza zilinganishe kasi, kila moja peke yake, la sivyo mtambo mmoja utaukokota mwingine.

23. Nimenunua injini ya mtumba isiyo na karatasi. Nitajuaje inaongea lugha gani?

Usiiweke kwenye meza. Iweke kwenye kipande cha reli cha kuprogramia, ambacho mashine hukipa umeme mdogo usioweza kuunguza, na usome CV8. Namba utakayopata ni ya mtengenezaji: 99 ni Lenz, 129 ni Digitrax, 145 ni Zimo, 151 ni ESU. Soma tu, kuandika kwenye CV8 hufuta mipangilio ya dikoda nyingi. CV1 itakupa anwani fupi, na CV17 na CV18 zitakupa ndefu.

Isipojibu, safisha magurudumu ujaribu tena. Ikiendelea kunyamaza, ama ni analogi, ama ni lugha nyingine kama Selectrix au Motorola, ama dikoda imekufa. Fungua ganda la injini taratibu. Ukiona waya mbili tu kutoka magurudumuni moja kwa moja hadi kwenye mota, ni ya analogi, na njia yako ni namba 6. Ukiona kibao, piga picha pande zote mbili, uje nacho Jumamosi.